Mafuta ya Nyonyo Katika Gari la Rehema

Ngiiiiiiii! Ndivyo lilivyolia. Chukueni nyigu, mfungieni ndani ya kopo la maziwa, tikiseni kopo mpaka apandwe na hasira, halafu fikirieni nyigu huyo ana ukubwa wa paka. Hapo mtakuwa mmekaribia. Nimetengeneza redio hapa Majengo, Ufipa, zaidi ya miaka thelathini, nimesikia kila mlio ambao spika mgonjwa anaweza kuutoa, lakini mlio ule wa kwenye uwanja wa mpira, ng'ambo ya uzio wa hospitali, bado ninao sikioni mzima kabisa.

Sasa nimeshaweka chini chuma cha kulehemu. Macho yamegoma. Nyinyi vijana mnaoniletea simu zenu zilizokufa, kana kwamba barazani kwangu ni zahanati, huwa mnauliza, "Bibi Skola, uliingiaje kwenye ufundi, mwanamke, tena na darasa la saba lako?" Nawajibu kwa kifupi kwa kuwa mna haraka. Leo nimeamua kuwaandikia. Kuingia niliingia kwa redio kama wenzangu. Lakini kilichonifanya nibaki ni gari la mtoto, lenye urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipoachiwa huru. Maduka ya Majengo niliyoyajua na rafu tupu, sabuni mbili na kiberiti, yakaanza kujaa mpaka nje. Redio kaseti za deki mbili, saa zinazoimba, tochi ndefu kama mkono. Kila lori lililopanda kutoka Tunduma lilishusha kitu ambacho hatukuwa na jina lake, na kila kitu hicho kiliharibika baada ya muda, kikaja kwetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimepanda kutoka Muze, kule bondeni kwenye joto na mpunga, nikiwa na kanga mbili na ndoto nyingi kuliko akili. Fundi Polikarpi alinipokea kwa sababu nilimwambia nataka kujua mtu anayesema ndani ya redio anapitia wapi. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwaka wa ishirini huu nami namtafuta," akasema. "Karibu tumtafute wote."

Meza yetu ilikuwa na pande mbili. Upande wa dirisha kuna mwanga, anakaa fundi. Upande wa mlango kuna upepo wa Ufipa, ule unaopita kwenye sweta kama sweta halipo, anakaa mwanafunzi. Kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa wa kupashia chuma cha kulehemu, kufungua skrubu na kupangusa vumbi. Na sharti lilikuwa moja.

"Kuharibu utaharibu, Skola. Mimi mwenyewe nimeua redio nyingi kuliko radi. Lakini siku utakayoharibu kitu cha mtu ukanificha, siku hiyohiyo unapanda gari la Muze."

Basi siku moja ya baridi akaingia Athumani, mchuuzi wa samaki wa Kasanga, kule ziwani. Alikuwa akipandisha migebuka na dagaa kwa lori kupitia Matai. Alikuwa amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na meno yanagongana.

"Nyinyi watu mnaishije ndani ya friji?"

"Na nyinyi mnaishije ndani ya sufuria?" Fundi akamjibu bila kuinua kichwa.

Akaweka boksi mezani, akafungua. Mungu wangu. Gari jekundu, magurudumu yenye meno, springi nne, na ndani yake injini ya kweli, wanangu, yenye pistoni na tangi na bomba la moshi, yote ya kuenea kiganjani! Mzungu mmoja wa ujenzi wa barabara alikuwa anarudi kwao, akamwachia Athumani pamoja na kopo la mafuta yake na rimoti yenye antena ndefu. Rimoti ndiyo iliyomleta kwetu, ilikuwa imezimika.

"Ni la mwanangu Rehema," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Ana miaka minane. Aliteleza juu ya magunia ya dagaa, akaanguka toka kwenye lori, paja likavunjika. Yuko hapo hospitali, mguu umetundikwa kwa kamba na mawe, wiki ya tatu hii haruhusiwi hata kugeuka. Nimemwahidi ataliona likikimbia kabla mguu haujashushwa. Sijawahi kumwahidi mtoto kitu nikakikosa."

Ugonjwa wa rimoti ulikuwa betri tu. Nyinyi hamjui shida ya betri za kununua na kutupa. Sisi tulizianika juu ya bati kama maharage, zikanywa jua la saa sita, zikarudisha roho kidogo. Tulizianika nane, Fundi akazipanga, tukaenda uwanjani watu watatu, tukafika tukiwa umati.

Athumani akapasha plagi ya injini kwa betri moja nene, akavuta kamba ya kuwashia mara mbili, tatu. Ngiiiiiiii! Lile gari liliondoka hata sikuliona linaondoka. Nilichoona ni vumbi, kisha vumbi likakata kona. Likaenda hadi golini, likageuka, likarudi, na mtu aliyeliambia ligeuke wapi amesimama hapa, mkono haulifikii, hajaligusa. Mama mmoja muuza ndizi alipiga magoti akapapasa ardhi kwa kiganja. "Kamba iko wapi?" akawa anauliza. "Jamani, kamba yake iko wapi?" Mimi niliyefanya kazi kwenye redio nilijua kamba haipo, na bado nilitazama chini.

Ng'ombe wa mfugaji mmoja Msukuma aliyekuwa akipita walitawanyika mikia juu. "Wewe mvuvi!" akapiga kelele akiwakimbilia. "Hawa wakitoa maziwa ya petroli utakunywa wewe!"

Kisha kwenye uzio akatokea Sista, mkuu wa wodi ya wanawake, mikono kiunoni. Kelele zikazima zenyewe, kwa maana mafuta yalikuwa yamekwisha.

"Bwana, hapa kuna wagonjwa!"

"Samahani Sista. Nilitaka mwanangu alione."

"Amelisikia. Ufipa nzima imelisikia. Kitanda chake hakiko dirishani na hakitasogezwa, na kitu cha kelele na moshi hakiingii wodini kwangu. Tumeelewana?"

Athumani aliinamisha kichwa. Lori lilikuwa linamsubiri. Akatuachia gari, akasema tumtafutie mafuta mengine, akirudi Alhamisi ya wiki inayofuata atamwangukia Sista miguuni. Rehema, kwa hiyo, alikuwa amesikia gari lake, hajaliona.

Kesho yake Fundi akaenda Matai kutengeneza vipaza sauti vya kanisa. Nikabaki peke yangu na lile gari. Nikafungua kopo tupu la mafuta, nikanusa. Harufu kali kama rangi ya kucha, na chini yake harufu nyingine niliyoijua tangu nazaliwa. Nyonyo! Mafuta ya nyonyo, yaleyale bibi yangu aliyokaanga mbegu zake, akazitwanga, akazichemsha, akanipaka kichwani. Chupa yake nilikuwa nayo kwenye kikapu. Nikaona wazungu wametuzunguka bure, kumbe siri yao ni petroli na nyonyo! Nikaomba petroli kikombe kwa dereva mmoja wa jirani, nikachanganya na nyonyo ya bibi, nzito, nyeusi, yenye chembe za mbegu zilizoungua. Nikajaza tangi. Nikavuta kamba. Ikakataa. Nikavuta tena, mafuta yakashuka mengi zaidi ndani. Nikaweka mguu ukutani, nikavuta kwa nguvu zote za mtoto wa kulima.

Kra.

Hakuna fundi asiyeujua mlio huo. Baadaye Fundi alinieleza: silinda ilijaa mafuta, na mafuta hayabanwi kama hewa, kwa hiyo pistoni ilipopanda ilikosa pa kwenda, na mkono unaoisukuma ukapinda. Shikeni hilo, wanangu. Mashine inapokataa, inakwambia kitu. Ukiongeza nguvu kabla hujasikiliza, unamnyamazisha shahidi.

Nikalifunika gari kwa gunia. Nikafunga kanga zangu mbili, nikazifungua, nikazifunga tena. Fundi alirudi asubuhi iliyofuata, akaketi, akavuta pumzi puani mara mbili.

"Skola. Tangu lini kichwa chako kinanuka petroli, na petroli inanuka kichwa chako?"

Nikafunua gunia, machozi yakiwa yameshafika shingoni. Nikamweleza yote, hadi mguu ukutani.

"Ulinificha."

"Siku moja, Fundi."

Akaigusa injini kwa kidole. "Nusu nimenusa, nusu umesema. Basi na adhabu iwe nusu. Athumani akirudi Alhamisi, gari hili likimbie. Lisipokimbia, utamweleza wewe, si mimi, kisha Muze." Akanitazama usoni. "Unalia nini tena?"

"Fundi, mimi na wewe hatujui injini."

"Hatujui. Ndiyo maana hatutaigusa." Akachukua bisibisi, akafungua kijisanduku kando ya injini. Ndani kulikuwa na kibao kidogo kuliko kiberiti, chenye koili, kapasita na kristali. "Haya, mwanangu, soma. Hii nini?"

Nikatazama. Nywele zikanisimama. "Ni redio."

"Ni redio. Na haijafa."

Nawaambia ukweli, sijawahi kushangaa namna ile tena. Nilikuja mjini kumtafuta msemaji anayejificha kwenye redio, na hapa palikuwa na kituo kizima cha matangazo cha kushikwa kwa mikono miwili, na msikilizaji wake ni gurudumu. Anaambiwa kushoto, anasikia, anakwenda kushoto. Nani kati yetu anasikiliza vizuri hivyo?

Tukaanza. Injini, tangi na bomba vikatoka. Pale palipokuwa na ujeuri wote ule pakabaki shimo. Gereji wakatupa mota ya feni ya kupuliza kioo, kutoka kwenye gari lililoozea uani kwao. Ni ya volti kumi na mbili. Tukailisha sita, za betri ya pikipiki ndogo, ikawa na adabu. Gia ndogo tuliibandua kwenye klachi ya injini ileile, lakini tundu lake likawa pana kuliko mhimili wa mota. Siku nzima nilizunguka na gia mfukoni, nikijaribu kila bomba Majengo. Jibu lilikuwa mezani kwetu: kipande cha antena ya redio iliyovunjika, ile ya kuvuta, bomba la shaba lililoingia kama limepimwa. Nikapasha chuma kwenye mkaa, nikalehemu. Na mkitaka gia mbili zisisagane wala zisiruke, katikati ya meno yake pitisheni karatasi ya daftari, kazeni skrubu, kisha zungusheni gia karatasi itoke. Nafasi iliyobaki ndiyo sahihi. Hilo mimi mwenyewe nililigundua, na Fundi alijifanya alikuwa analijua.

Mkono mdogo uliokuwa unafungua mafuta ya injini tukaupa kazi mpya. Tulichukua waya wa jiko la umeme lililoungua, ule wa kujiviringisha, tukaulaza juu ya kigae, na ule mkono ukawa unatelezesha kipande cha shaba juu yake. Mwanzoni mwa waya gari linatambaa, mwishoni linakimbia.

Jumanne jioni tukaliinua juu ya tofali magurudumu yakiwa hewani. Nikasukuma kijiti cha rimoti. Mota ikazunguka! Nikapiga kelele ya furaha, na kelele haijaisha, gari likapandwa na wazimu. Magurudumu ya mbele yakawa yanapiga kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anayekataa kunywa dawa. Nikaachia kijiti, halikuachia. Likaruka kutoka kwenye tofali, likapita miguuni mwa Fundi, likaparamia jiko, makaa yakamwagika sakafuni.

Jumatano nzima nilifunga na kufungua. Kila waya nilioukagua ulikuwa mzima. Mota ikisimama, gari linatii. Mota ikizunguka, wazimu. Saa tisa alasiri nikaweka kichwa mezani. Fundi, upande wa dirisha, akaweka chini bisibisi yake. Akanyoosha mkono, akawasha Kachero.

Kachero ilikuwa redio yake kuukuu ya bendi moja, haina mgongo, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa akiiweka karibu na kila kifaa kigonjwa anasikiliza, na mimi nilikuwa nikimcheka moyoni, nikidhani mzee anapenda taarifa ya habari. "Washa gari lako," akasema.

Nikawasha. Mtangazaji wa Kachero akamezwa: krrrrrrrrrr! Nikazima, mtangazaji akarudi kwenye bei ya mahindi. Nikawasha, krrrrrr!

Nikainua kichwa. "Mota inapiga kelele."

"Mimi siisikii."

"Sisi hatuisikii! Redio ndiyo inaisikia! Cheche za ndani ya mota zinalia kwa sauti ya redio, na yule wa kwenye kibao hamsikii tena mwenye rimoti!"

Fundi alisukuma tu kopo lake la kapasita za redio zilizokufa, vidude vya kumeza cheche, ambalo kwa mwaka mzima nilimwomba anikubalie nilitupe. Nililehemu tatu: moja kati ya miguu miwili ya mota, na nyingine kutoka kila mguu hadi kwenye ganda lake. Nyaya za mota nikazisokota pamoja kama nywele, waya wa antena nikaupitisha mbali nazo. Nikawasha. Kachero akaendelea na mahindi, hakukwama hata neno moja, na magurudumu ya mbele yakatulia yakingoja kuambiwa.

Alhamisi Athumani akaingia na makoti yake mawili. Nikasimama kabla Fundi hajakohoa.

"Shikamoo. Injini ya gari la Rehema nimeiua mimi." Nikamwekea mkononi. Nikamweleza nyonyo, kamba, mguu ukutani. Alikuwa anaigeuzageuza ile injini, na sikumwona uso.

"Binti," akasema mwishowe, "mwanangu kila siku ananiuliza habari ya mlio huu."

Niliweka gari sakafuni nikasukuma kijiti. Likaondoka kimya, likazunguka kiatu chake, likasimama mbele yake. Akatia injini mfukoni mwa koti. "Chukua," akasema. "Twende kwa Sista."

Sista alitupokea mlangoni. "Nilisema nini?"

"Halina moshi, Sista," nikasema.

Akainama, akalinusa. Kweli alilinusa, kama mboga. "Kelele?"

Nikasukuma kijiti. Gari likapita kati ya viatu vyake vyeupe, likaingia wodini, fssss tu ya magurudumu kwenye sakafu iliyopigwa deki. Wanawake wakainuka kwenye mito. Mmoja akajifunika shuka kichwani akachungulia kwa jicho moja. Likapita chini ya kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu, likatokea karibu na mguu mdogo uliotundikwa kwa kamba. Nikampa Rehema rimoti. Macho yake yalikuwa makubwa kama ya baba yake.

Akaendesha mbele. Akaendesha kushoto. Kisha akashusha rimoti kifuani.

"Mbona halilii?"

Akamtafuta baba yake kwa macho.

"Baba, hili silo. Langu nililisikia. Linalia."

Nilihisi lile gari la Muze limeegeshwa mlangoni. Na kutoka kitanda cha jirani, bibi mmoja wa Kifipa, kichwa kimefungwa bandeji, akasema taratibu, "Hata mimi nililisikia. Lilikuwa likisema, ngiiiiii."

Rehema akageuza shingo. "Hapana bibi. Hivi. Ngiiiiiiii!" Na kidole chake, bila yeye kujua, kikasukuma kijiti. Gari likaondoka na mlio wake!

"Ngiiiiii!" akaitikia bibi.

"Ngiiiiii!" akasema yule wa chini ya shuka, na wa dirishani, na mama aliyejifungua jana yake. Wodi nzima. Rehema akikata kona, nao wanakata kona kwa sauti. Athumani alikuwa ameshika nguzo ya kitanda, mabega yanatikisika, sijui kicheko sijui nini.

"Sauti ndogo basi!" Sista akasema, kiganja mdomoni. "Sauti ndogo, jamani!"

Fundi Polikarpi alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kofia mkononi. Tulipotoka hakunisifu. Athumani alinirudishia injini iliyokufa, akasema niiweke nisije nikasahau. Fundi akavaa kofia yake, akaelekea kwake, na alipofika mbali kidogo akageuka.

"Skola! Kesho ukae upande wa dirisha. Mimi macho yangu yanaumia na mwanga."

Macho yake hayakuwa na neno. Yangu ndiyo yaliyokuwa hayaoni njia.

Nikashika njia ya mkato ya uwanjani, peke yangu, injini mfukoni. Jua la jioni lilikuwa linaipiga milima ya Mbizi na hapakuwa na mtu, hata ng'ombe. Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikakaza kanga kiunoni, nikavua kandambili, nikazishika mkononi. Nikakimbia kutoka goli moja hadi la pili, nikakata kona, nikarudi, ngiiiiiiii, mpaka pumzi ikaniishia.